Kitabu cha ukoo kwa herufi za Garamond: mwongozo kwa aliyepewa kazi Moshi

Kila Disemba Moshi hujaa. Mabasi ya kutoka Dar yanashusha watu stendi hadi usiku, na kwenye vikao vya ukoo kule Kibosho, Machame, Marangu na Rombo hakosekani mzee wa kusema kwamba historia yetu iandikwe kabla wenye kuikumbuka hawajaisha. Wote wanakubali, michango inaahidiwa, kisha macho yanamgeukia mmoja: "Si wewe unajua kompyuta?"

Kama uliyegeukiwa ni wewe, mwongozo huu ni wako. Kuwahoji wazee na kupatanisha matawi yasiyokubaliana nani alizaliwa kwanza, hayo mtayamaliza wenyewe juu ya mbege. Mimi nashughulika na kinachofuata. Maandishi yapo tayari kwenye Word, na sasa unataka yasomeke kama kitabu, yasifanane na barua ya kuomba kazi. Ushauri wangu ni Garamond, ila kwa masharti yake. Fonti hii ikipewa nafasi inasomeka bila kuchosha. Ikibanwa saizi ile ile uliyozoea kwa Times New Roman, wazee watakirudisha kitabu wakilalamika macho.

Ijue tabia yake kwanza

Claude Garamond alikuwa mchonga herufi wa Paris, aliyefariki mwaka 1561. Kazi yake ilikuwa kuchonga kila herufi kinyumenyume kwenye ncha ya kipande cha chuma cha pua. Ncha hiyo iligongwa kwenye shaba, na shaba ikawa kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa. Alifuata mfano wa vitabu vilivyochapwa Venice na mchapaji Aldus Manutius mwishoni mwa miaka ya 1400, akavipita kwa usafi wa kazi. Miaka ya 1540 alichonga herufi za Kigiriki kwa amri ya Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa. Alipofariki vifaa vyake viliuzwa huku na huku. Sehemu ilimfikia Christophe Plantin, mchapaji wa Antwerp, na hadi leo imetunzwa katika jumba la makumbusho la Plantin-Moretus mjini humo.

Ukiikuza fonti hii kwenye kioo cha kompyuta utaona bado ina mkono wa mtu mwenye kalamu. Unene wa herufi o haukai wima, umeegama kidogo, kama unavyotoka kwenye kalamu yenye ncha pana. Serifu zake, vile vikono vidogo vinavyomalizia mistari ya herufi, zinaungana na shina kwa mkunjo, hazikukatwa kwa rula. Herufi kubwa ni fupi kuliko vichwa vya b, d, h, k na l, kwa hiyo hazipigi kelele katikati ya sentensi. Kwenye kitabu cha ukoo hili lina faida kubwa, maana kila mstari una majina ya watu, ya vijiji, na vifupisho kama KNCU, TANU na KKKT. Kwa fonti nyingine ukurasa wa namna hiyo unajaa vinundu. Garamond inautuliza.

Lakini alama yake kuu ni udogo wa herufi ndogo. Kitumbo cha a ni kidogo, na kijidirisha cha juu cha e ni kidogo zaidi. Mfaransa au Mwingereza anaweza asijali sana. Sisi lazima tujali, kwa sababu Kiswahili kimejaa a. Chukua neno ambalo halitakosekana kwenye kitabu cha ukoo wowote wa Uchagani, kahawa: herufi sita, tatu ni a. Tona, ule wino wa unga wa printa, ikizidi, au fotokopi ikichoka, vitumbo vyote vinaziba kwa pamoja na ukurasa unakuwa na madoadoa meusi. Karibu kila ninachokuelekeza hapa chini kinatokana na jambo hilo.

Hatua ya 1: Jua una Garamond ipi

Garamond si faili moja. Ni familia ya fonti nyingi zinazobeba jina hilo, na hazifanani.

Ile inayokuja na Microsoft Office inaitwa Garamond tu. Ilitengenezwa na kampuni ya Monotype mwaka 1922, na kwa hakika haitokani na Claude Garamond. Inatokana na herufi za Jean Jannon, mchapaji wa Sedan aliyetoa kielelezo chake mwaka 1621, miaka zaidi ya hamsini baada ya Garamond kufa. Kiwanda cha uchapaji cha serikali ya Ufaransa kilikuwa na herufi hizo na kikazihesabu kuwa za Garamond, dunia ikaamini. Aliyefichua kosa hilo ni Beatrice Warde, mwaka 1926, akiandika kwa jina la bandia la kiume, Paul Beaujon. Jina halikubadilishwa.

Fonti hiyo si mbaya, ila ina mambo mawili ya kukupa taabu. Kwanza mistari yake ni myembamba, na kwenye printa ya leza ya steshenari inatoka hafifu. Pili, inakuja na mafaili matatu tu: ya kawaida, ya mlazo (italiki) na nzito. Nzito ya mlazo haipo. Ukibonyeza vitufe vyote viwili, kompyuta inabuni yake yenyewe, na matokeo yake yanaonekana.

Mimi nachagua EB Garamond. Ni ya bure, inapatikana Google Fonts, na leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzako kwenye flashi bila wasiwasi. Ilianzishwa na Georg Duffner kwa kufuata karatasi ya vielelezo ya Egenolff na Berner, iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592, ambayo inaonyesha herufi za Garamond mwenyewe pamoja na za mlazo za Robert Granjon. EB ni Egenolff na Berner hao hao. Ina uzito kadhaa, yaani viwango vya unene wa herufi, na mlazo wa kweli kwa kila uzito.

Adobe Garamond ya Robert Slimbach, ya mwaka 1989, ni nzuri mno na ni ya kulipia. Kama mmoja wa ukoo ana ofisi ya ubunifu Arusha au Dar na ameinunua, mwombe akupangie kurasa yeye. Kuna pia ITC Garamond ya mwaka 1975, ambayo herufi zake ndogo zimevimbishwa. Inafaa matangazo. Kwenye kitabu cha kusoma naiona inachosha.

Pakua EB Garamond, bonyeza faili mara mbili, sakinisha, kisha funga Word uifungue tena.

Hatua ya 2: Saizi, na habari ya kubana matumizi

Hapa ndipo wengi wanaharibu. Mtu ana kurasa 70 za Times saizi 12, anabadilisha fonti kuwa Garamond saizi ile ile, kitabu kinapungua kurasa kadhaa, anafurahi kwamba kamati ya fedha itapumua. Kilichopungua ni ukubwa wa herufi. Pointi hupima mwili mzima wa herufi, kutoka kichwani hadi mkiani, na Garamond imeweka sehemu kubwa ya mwili wake kwenye vichwa na mikia. Garamond ya 12 machoni ni kama Times ya 10.5 au 11.

Mwaka 2014 ilisambaa habari kwamba mwanafunzi mmoja wa Marekani amepiga hesabu na kuona serikali ingeokoa mamilioni ya dola za wino kwa kuhamia Garamond. Wajuzi wa herufi walijibu kwamba sehemu kubwa ya akiba hiyo inatokana na herufi kuwa ndogo. Punguza saizi ya Times nayo itaokoa wino. Kwa hiyo mweka hazina akikuletea hoja hiyo, jibu unalo.

Kwa kitabu cha ukoo weka 12.5, na nafasi ya mistari pointi 15.5 kamili. Usiache Word ichague "moja na nusu", itakupa ukurasa wa mtihani wa shule. Kama wasomaji wengi ni wa miaka sabini kwenda juu, weka saizi 14 na nafasi ya mistari pointi 18. Kwa ratiba ya ibada ya mazishi, inayosomwa wima kanisani huku mtu ameshika mwavuli na mkoba, nisingeshuka chini ya 14 kwa fonti hii hata kama waombolezaji ni vijana.

Hatua ya 3: Ukurasa

Karatasi ya A4 iliyokunjwa katikati inakupa A5, milimita 148 kwa 210. Huo ndio umbo la vitabu vingi vya ukoo, na Garamond inaupenda. Acha pambizo ya ndani milimita 18, ya nje 20, juu 18, chini 22. Utabaki na mstari wa milimita 110 unaobeba takriban herufi 60, na mistari 31 kwa ukurasa. Kama mtabana kwa spairo badala ya stapla, pambizo ya ndani iwe 25, la sivyo matundu yatakula maneno.

Idadi ya kurasa igawanyike kwa nne. Hili si la Garamond, ni la stapla, lakini ni bora ulijue leo kuliko siku ya kuchapa.

Aya zitenganishwe kwa kuingiza mstari wa kwanza milimita nne au tano, bila kuruka mstari mtupu. Aya ya kwanza chini ya kichwa haiingizwi.

Hatua ya 4: Safisha maandishi kabla ya kuyapamba

Maandishi ya kitabu cha ukoo hutoka kila mahali. Shangazi ametuma kwa WhatsApp, mjomba kwa barua pepe, na mtu wa tatu amepiga picha daftari. Kwa hiyo utakuta ng'ombe ameandikwa kwa alama tatu tofauti: ile iliyonyooka kama msumari, ile iliyogeuka upande wa kushoto, na ile sahihi inayofanana na mkato ulioning'inizwa juu. Kwenye fonti za simu hakuna anayeona tofauti. Kwenye Garamond, ambayo mkato wake una kichwa na mkia, msumari unaonekana toka mlangoni.

Dawa ni rahisi. Hakikisha Word imewekwa ibadilishe alama za kunukuu zenyewe. Kisha tumia tafuta na badilisha: kwenye kisanduku cha kutafuta andika msumari, na kwenye cha kubadilisha andika msumari huo huo. Word itaupinda kila ulipo. Zile zilizogeukia kushoto zitafute kwa neno: ng'ombe, ng'ambo, kung'oa, mng'aro.

La pili ni maneno marefu. Kiswahili kinajenga sentensi nzima ndani ya neno moja, na kwenye mstari wa milimita 110 ulionyooshwa pande zote mbili, "waliotutangulia" linaloshindwa kuingia linaacha mapengo nyuma yake. Mapengo hayo yakipangana mistari mitatu minne, yanatengeneza mfereji mweupe unaoshuka ukurasa mzima. Una njia mbili. Ya kwanza ni kuacha upande wa kulia usinyooshwe. Garamond inavumilia hilo vizuri kabisa, na kwa mtu anayepanga kitabu mara ya kwanza ndiyo njia ninayomshauri. Ya pili ni kukata maneno kwa mkono. Weka mshale mahali pa kukata, bonyeza Ctrl pamoja na kistari. Kistari hicho hakionekani mpaka neno lifike mwisho wa mstari. Kata baada ya vokali, maana silabi zetu karibu zote huishia hapo: walio-tutangulia, waliotu-tangulia. Usitenganishe ng', ny, ch, sh, th, dh wala gh. Na jina la mtu usilikate kamwe, hata ukurasa ukiwa mbaya. Kuna mzee atalichukulia vibaya.

Hatua ya 5: Mlazo, nzito na tarakimu

Wakati wa Claude Garamond herufi za mlazo zilikuwa fonti inayojitegemea, vitabu vizima vilichapwa kwa mlazo. Kuzichanganya na za wima ili kusisitiza neno ni desturi ya baadaye. Herufi nzito hazikuwepo kabisa. Ndiyo maana Garamond nzito huonekana kama mgeni aliyevaa nguo za kuazima, na ndiyo maana nakusihi uitumie kidogo: vichwa vya sura basi. Hata hapo, kichwa cha Garamond ya kawaida saizi 20, chenye nafasi ya kutosha juu na chini, kinapendeza kuliko nzito ya 14.

Mlazo utumie kwa maneno ya Kichagga yanapojitokeza mara ya kwanza, kisha uyaache wima. Maneno kama kihamba, mangi na mbege yamo vinywani mwa kila mtu, hayahitaji mlazo. Yanayouhitaji ni majina ya marika, ya matambiko, ya sehemu za nyumba ya zamani, yale ambayo mjukuu aliyezaliwa Kinondoni hayajui. Methali ya babu ikiwekwa peke yake kwenye mstari wake, kwa mlazo, inakaa vizuri. Shairi zima la mlazo halisomeki.

Kitabu cha ukoo kina miaka mingi: 1933 KNCU inaundwa, 1954 TANU inaanzishwa, 1961 uhuru, na katikati yake ndoa na ubatizo usiohesabika. Tarakimu za kawaida zina urefu wa herufi kubwa na zinasimama kama nguzo kwenye aya. EB Garamond inazo pia tarakimu za mtindo wa kale, ambazo 6 na 8 hupanda, 3, 4, 5, 7 na 9 hushuka, zikachanganyika na herufi ndogo. Kwenye Word zipo katika dirisha la fonti, upande wa mipangilio ya juu zaidi. Zitumie ndani ya aya. Kwenye jedwali la michango rudisha zile zinazolingana urefu, zenye upana mmoja, ili mamia yakae chini ya mamia.

Hatua ya 6: Pale ambapo Garamond haifai

Mti wa ukoo. Majina mia mbili kwenye karatasi moja, saizi 7 au 8: vitumbo vyote vya a vitaziba. Hapo chukua fonti isiyo na serifu, kama Lato ya bure au Gill Sans kama kompyuta yako inayo, na maelezo ya picha yaandikwe kwa fonti hiyo hiyo ili yajitenge na habari yenyewe. Fonti mbili kwa kitabu kizima zinatosha. Ya tatu ni vurugu.

Bango la plastiki la kikao nalo lisiandikwe kwa Garamond. Linasomwa kutoka barabarani, na mistari myembamba hupotea juani. Jalada ni jambo lingine: jina la ukoo kwa Garamond ya kawaida saizi 36 juu ya karatasi ngumu isiyo na picha yoyote lina heshima kuliko mlima Kilimanjaro uliopakuliwa mtandaoni. Najua kamati itautaka mlima. Basi mlima uende jalada la nyuma.

Na fomu za kujaza, orodha za simu, risiti, matangazo ya WhatsApp, hayo yote yaache kwa fonti za kawaida.

Hatua ya 7: Steshenari

Usipeleke faili la Word. Kompyuta ya dukani haina EB Garamond. Italifungua, itaweka fonti nyingine bila kukuuliza, kurasa 68 zitakuwa 75, na picha ya bibi itahamia kwenye sura ya babu mwingine. Hifadhi kama PDF, kisha ifungue, tazama sifa za faili upande wa fonti, na uhakikishe EB Garamond imepachikwa ndani.

Chagua duka kwa mashine yake, bei ije baadaye. Kabla ya kutoa oda, chapisha karatasi moja ya majaribio yenye aya ndefu, methali ya mlazo na tarehe kadhaa. Isogeze mwangani uangalie a na e. Kama vitumbo vimeziba, tona inamwagika mno au ngoma ya mashine imechoka, jaribu duka la pili. Kama herufi ni za kijivu na mistari myembamba imekatika, muulize mhudumu kama mashine imewekwa kubana tona, aizime. Printa ya wino wa kimiminika isikushawishi kwa rangi zake: kwenye karatasi ya kawaida ya gramu 80 wino unatanda, na Garamond inanenepa.

Nakala zote zitoke kwenye PDF moja kwa moja. Ukichapisha moja na kuitolea fotokopi, kila kizazi cha kopi kinakula vikono vya herufi. Mashine ya riso inayochapia mitihani inakubalika kwa nakala mia kadhaa, ila pandisha saizi iwe 13 na utumie uzito wa kati wa EB Garamond badala ya ule wa kawaida. Nakala zikiwa nyingi zaidi ya hapo, uliza bei ya ofseti mjini Moshi na Arusha, ulinganishe.

Mwisho, weka kwenye flashi moja faili la Word, PDF, picha zote na mafaili ya fonti, umkabidhi katibu wa ukoo. Masahihisho yataanza kufika siku ileile kitabu kinapogawiwa, na atakayeyaingiza mwakani huenda asiwe wewe.